Sauti Ikishapasuka Haishoneki: Dhana Potofu Kuhusu Kurekodi Video Penye Kelele

Shughuli imekwisha, umefika nyumbani, unafungua faili. Picha imetulia, rangi safi. Unabonyeza kucheza, na mwimbaji anasikika kama anaimba ndani ya debe. Wapiga video wengi tumepitia hapo, na karibu kila mara tunailaumu maiki kwa kosa lililofanyika kwingine.

“Maiki ya kamera ni dhaifu, haisikii.”

Penye kelele tatizo ni kinyume chake: inasikia kuliko inavyoweza kubeba. Sauti ya dijitali ina dari, na dari hiyo ni sifuri kwenye mita. Ndiyo maana namba zote zilizo chini yake zina alama ya kutoa. Chochote kinachotaka kupita juu ya sifuri hukatwa kichwa. Fungua rekodi iliyopasuka kwenye programu ya kuhariri, ulikuze wimbi, utaona mahali palipotakiwa kuwa na kilima pamekuwa bapa kama meza. Ule ubapa ndio mkwaruzo unaousikia.

Kwa hiyo acha nafasi. Vilele vya sauti vicheze karibu na desibeli -12 kwenye mita (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), ili wimbo ukipamba moto bado kuna pa kupandia. Sauti iliyoingia chini kidogo utaipandisha baadaye bila shida. Iliyokatwa imekatwa, programu za kuirekebisha zipo, lakini kazi yake ni kubahatisha kilichokuwepo, na kwa mpasuko mkubwa zinabahatisha vibaya.

“Iache kwenye otomatiki, kamera inajua.”

Kamera haijui wimbo wala hotuba, inajua kubwa na ndogo tu. Ngoma nzito ikipiga, inashusha kila kitu, na sauti ya mwimbaji inazama pamoja nayo. Mshereheshaji akinyamaza sekunde mbili, inapandisha, na mvumo wa feni unavimba kama upepo wa dhoruba. Rekodi nzima inakuwa inapumua. Weka kwa mkono, tena wakati bendi inajaribu vyombo, na uwaombe wapige kipande chao kikali kuliko vyote. (Watakupigia cha kawaida, kisha jioni wazidishe. Shusha kidogo zaidi.)

“Nimeshusha kiwango kwenye kamera, haiwezi kupasuka tena.”

Hii ndiyo imewaponza wengi, nami nikiwemo. Sauti hupita milango mitatu kabla ya kufika kwenye kadi: maiki yenyewe, kikuza sauti kilichomo ndani ya kamera, kisha sehemu inayoigeuza kuwa namba. Inaweza kupasukia mlango wowote. Ikiwa imeshapasuka mlango wa kwanza, ukiishusha wa tatu unapata mpasuko uleule, ila mdogo. Dalili yake ni mita kusoma -15 kwa utulivu kabisa huku sauti ikikwaruza.

Dawa ni kuipunguza mapema. Maiki nyingi za nje zina swichi yenye alama ya -10 au -20, ibonyeze. Kama haipo, sogea mbali na spika, au tumia maiki inayostahimili sauti kubwa. Vinasa sauti vya kisasa vya biti 32 floti, yaani vinavyoandika sauti kwa namba zenye nafasi kubwa mno, navyo vimeleta imani kwamba mpasuko umekwisha duniani. Vinaulinda mlango wa mwisho vizuri sana, lakini maiki ikizidiwa, vinaandika mpasuko huo kwa uaminifu mkubwa.

“Nikipata waya kutoka kwenye mikisa, nimemaliza kazi.”

Nusu tu. Kwanza, nguvu. Mikisa ya kitaalamu, ule mtambo wa kuchanganyia sauti za ukumbi, hutoa zaidi kidogo ya volti 1, wakati maiki hutoa milivolti chache, yaani tofauti ya mara mia na zaidi. Ukiuchomeka waya huo kwenye tundu la maiki bila kipunguza nguvu katikati, umeshapasua kabla mtu hajaimba.

Pili, kilichomo. Fundi mitambo anachanganya kwa ajili ya ukumbi. Ngoma zinazojipigia zenyewe kwa nguvu hazihitaji kukuzwa, hivyo kwenye waya wako zitakuwa mbali mno, na shangwe za watu hazitakuwepo kabisa. Maiki ya kamera iendelee kurekodi, uzichanganye baadaye.

La tatu nililijua kwa aibu. Niliwahi kukabidhi video ambayo kwangu, kwenye hedifoni, ilisikika vizuri. Mwenye kazi akapiga simu: mwimbaji hayupo. Alikuwa anaitazama kwenye simu yenye spika moja. Waya wa mikisa ulikuwa unabeba sauti ileile mara mbili, moja ikiwa imegeuzwa juu chini, na jeki ya kamera ikapeleka moja kushoto na nyingine kulia. Simu ilipozijumlisha, zikafutana. Tiba ni dakika moja ya kuhariri: futa upande mmoja, nakili uliobaki pande zote mbili.

“Maiki ndefu huvuta sauti kutoka mbali.”

Haivuti chochote. Inapunguza zinazotoka pembeni, na besi haiitii. Ndani ya ukumbi wenye kuta tupu mwangwi unaingia kwa mbele kama kawaida. Kinachofanya kazi ni miguu. Kila ukipunguza umbali kwa nusu unaongeza desibeli 6 hivi za sauti unayoitaka, huku kelele ya ukumbi ikibaki palepale. Kumhoji mtu katikati ya muziki, maiki ya kawaida ya mkononi ikiwa karibu na mdomo itaishinda ndefu ya bei mbaya iliyo mita 3 nyuma.

“Nitajua kwa hedifoni.” Spika zikitikisa kifua, hujui kitu. Rekodi nusu dakika, toka nje, sikiliza.

“Kinasa sauti cha pembeni, programu italinganisha yenyewe.”

Italinganisha sauti na sauti, si sauti na picha. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde. Kamera ikiwa mita 35 kutoka jukwaani, sauti inaifikia ikiwa imechelewa sehemu moja ya kumi ya sekunde, yaani fremu (picha moja moja zinazounda video) mbili na nusu kwa video ya fremu 25 kwa sekunde. Ukifuata sauti ya kamera, midomo itatangulia maneno. Vuta sauti ianze mapema kwa fremu mbili au tatu ukiangalia kijiti kinapogusa ngoma. Kisha nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa mwisho ukaangalie kijiti tena, kwa sababu saa za vifaa viwili haziendi sawasawa, na baada ya saa nzima ya kurekodi huwa zimeachana.