Kiwewe cha vita: maana yake, na kinavyoingia darasani

Mtu akinusurika ajali ya basi pale Kibaigwa, tunasema ameshikwa na kiwewe. Anatetemeka, haelewi anachoulizwa, kiatu kimoja kimebaki garini. Wiki ikiisha anasimulia huku akicheka.

Kiwewe cha vita ni cha ukoo huohuo, ila hakiondoki. Dalili zikizidi mwezi na kumvuruga mtu usingizi, kazi au nyumba yake, madaktari huuhesabu kuwa ugonjwa. Waingereza waliuona kwa askari wao katika Vita Kuu ya Kwanza, wakadhani ni mshindo wa mizinga tu. Jina linalotumika leo hospitalini, PTSD, liliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita ya Vietnam. Sisi Watanzania tuna wazee wa vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na vijana waliorudi kutoka kulinda amani Darfur na Kongo. Kule Semuliki, mashariki mwa Kongo, Desemba 2017, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio moja. Wenzao walirudi nyumbani. Si kila aliyerudi anaumwa, lakini wapo wanaoumwa kimya.

Sasa mmoja wao akiacha jeshi na kuja kusoma Dodoma, utamwona anakaa nyuma, mgongo ukutani, macho mlangoni. Huo si utoro unaoandaliwa. Ubongo wake ulijifunza kwamba anayechelewa kushtuka hufa, na haujapata habari kwamba vita imekwisha. Upepo wa Agosti ukibamiza bati, au transfoma ikilipuka nyuma ya bweni, mwili unaruka kabla yeye hajafikiri. Usiku anaota yaleyale, asubuhi kichwa hakishiki somo. Anaanza kukwepa kazi za vikundi pale vimbwetani, kwenye meza za nje za kujisomea, kisha vipindi, na mwisho wa muhula anakaribia kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli. Wenzake wanasema ana kiburi cha jeshi. Wengine, kwa ule utani wetu mbaya, wanasema apelekwe Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, kana kwamba hospitali ile ni tusi. Kwenda Mirembe kutibiwa ni jambo la busara: yapo mazungumzo ya tiba yanayomrudisha mtu kwenye kumbukumbu zake taratibu, akiwa salama, na zipo dawa. Pombe, ambayo wengi huikimbilia ili walale, huzidisha.

Msaada wa chuo haudai bajeti kubwa. Mwache akae kiti anachokitaka. Mtihani afanyie chumba chenye utulivu, aongezewe muda ikibidi. Mshauri wa wanafunzi ajue, lakini kwa ridhaa yake mwenyewe. Habari hii si ya kutangaziwa darasa zima.

Na wanafunzi wenzake, tafadhali, lile swali la "afande, uliua wangapi?" liacheni. Najua huulizwa kwa mzaha, penye chai na chapati. Kwake ni kurudishwa porini mchana kweupe, mbele za watu, kisha kutakiwa acheke. Akitaka kusimulia atasimulia, na huenda akaanza na habari za rafiki yake ambaye hakurudi. Msikilizeni bila kuingilia.

Mwalimu naye, siku mafundi watakapokuja kutoboa kuta za jengo, amtumie ujumbe jioni ya kuamkia siku hiyo: kesho saa nne kutakuwa na kelele.