Kateleza sigara moja, mnasema kaanza moja?

Jamani hii imenichosha. Juzi kaja kwangu baba mmoja na mkewe, kuomba ushauri wa kuacha sigara, siku 40 baba hajagusa fegi, kila siku wanaweka alama kwenye kalenda ya ukutani kwa kalamu nyekundu, halafu msibani akavuta mbili. Mama kaichana kalenda. "Karudi kulekule, siku zote zile bure." Baba kainamisha kichwa, hasemi kitu.

Sio kweli, na naomba mnielewe hapa. Prochaska na DiClemente, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha utafiti mwaka 1983, walichunguza watu 872 waliokuwa wanahangaika na sigara bila kwenda kwa daktari, na kutoka kwenye kazi yao zikakua hizi hatua za kuacha tunazozitumia mpaka leo, yaani hajaona tatizo, anajiuliza, anajiandaa, anatenda, anadumisha, watu hawazipandi moja kwa moja kama ngazi, wanapanda wanashuka wanapanda tena. Na anayeteleza mara nyingi harudi kule kwa "sina tatizo mimi", anarudi kwenye kujiuliza au kujiandaa, na sasa anajua kitu ambacho hakukijua mwanzo. Kinachomzamisha kabisa ni ile aibu, anasema kama nimeshaharibu basi wacha nimalize pakiti.

Mimi akiteleza mtu namuuliza ulikuwa wapi, saa ngapi, na nani, mkononi ulikuwa na nini. Huyu baba akakumbuka, baada ya kuzika, chini ya mwembe, kikombe cha kahawa mkono wa kulia, jamaa yake akamnyooshea pakiti. Kumbe ni kahawa na uchungu na huyo jamaa, vyote kwa pamoja! Msiba ujao atamwambia jamaa mapema, na mkononi atashika karanga. Andikeni haya siku hiyohiyo, kesho mtu anakuwa ashasahau.

Eti "akiamua tu ataacha". Anayejiuliza bado ukimlazimisha tarehe ya kuacha atakuitikia kwa mdomo tu, huyo muulize anapenda nini kwenye sigara na nini kinamuuma, umsikilize.

Eti siku 21 zinatosha kujenga tabia, hapana. Watafiti wa chuo kikuu cha University College London walipima tabia mpya inachukua muda gani kuzoeleka, wakapata wastani wa siku 66, wengine 18 wengine 254, na hapo ni vitu vidogo kama kunywa maji na chakula cha mchana.

Arosto ya sigara, yaani ile hamu na mahangaiko ya mwili mtu akiacha, nayo haidumu milele, siku mbili tatu za kwanza ndo kali, baada ya wiki chache inatulia.

Ila pombe msichanganye na sigara. Anayekunywa kila siku, anaamka mikono inatetemeka mpaka apate kidogo, asikate ghafla nyumbani, anaweza kupata degedege akafa, mpelekeni hospitali asimamiwe.

Yule baba anarudi Ijumaa. Nimemwomba mama aigundishe kalenda na selotepu, zile alama 40 zibaki.