Kamati ya ushauri haiajiri mtu

Hapa Zanzibar, kila inapotangazwa kamati ya kuishauri taasisi juu ya ajira za watu wenye ulemavu, haipiti wiki bahasha za kaki zinaanza kuingia kwa mwenyekiti: vyeti vya skuli, picha za pasipoti, barua ya sheha. Wala anayezileta si mtu asiyejua tu. Mara nyingi ni mjumbe mwenyewe, kamchukulia mpwawe. Basi tuliseme tena, na safari hii kwa urefu: kamati ya ushauri haiajiri. Haina nafasi ya kazi hata moja. Serikalini nafasi zinatokana na ikama, yaani idadi ya watumishi iliyoidhinishwa, na bajeti ya taasisi, na usaili una Tume ya Utumishi Serikalini. Kwenye hoteli ya Nungwi au Paje anayeajiri ni mwenye hoteli. Kamati ina karatasi ya ushauri, basi. Karatasi hiyo ikiandikwa ovyo, wajumbe wamekunywa chai, wametia saini posho, wamerudi kwao.

Imani hiyohiyo ndiyo inayoharibu uchaguzi wa viongozi. Watu wanamtafuta mwenyekiti "mwenye mkono", anayejuana na wakubwa, kumbe kazi ya mwenyekiti ni ndogo na ngumu: kukubaliana ajenda na katibu siku 14 kabla ya kikao, kuhakikisha akidi ipo, kuwazuia wasemaji wawili wasimeze saa mbili, na kutia saini kilichoamuliwa. Akishakalia kiti hasemi kwa niaba ya jumuiya yake. Akitaka kuisemea, ampishe makamu kiti kwa ajenda ile. Hili halifuatwi, na ndiyo sababu kamati yenye mwenyekiti asiyeona hujikuta inazungumzia programu za kusoma skrini, zile zinazomsomea asiyeona kwa sauti, mwaka mzima huku mjumbe kiziwi anatazama saa.

Makamu si tairi la akiba. Mpeni kazi yake mahsusi: kufuatilia majibu ya ushauri uliokwisha kupelekwa. Na ikiwa mwenyekiti yuko Unguja, makamu awe Pemba, kwa sababu huko wizara zinaendeshwa na Afisa Mdhamini, na barua iliyoandikwa kwa Katibu Mkuu bila nakala kwa Afisa Mdhamini haitekelezwi Chake Chake wala Wete. Si ubaya wa mtu. Hajaiona tu.

Mweka hazina hahitajiki. Fedha ziko kwenye fungu la taasisi.

Katibu ndiye kamati. Anaandika kumbukumbu ndani ya siku saba, anatunza daftari la ushauri (namba, tarehe, umepelekwa kwa nani, jibu linatarajiwa lini, limekuja au halijaja), na anaandaa karatasi za kikao kwa namna kila mjumbe ataweza kuzisoma. Tatizo ni kwamba katibu kwa kawaida ni mtumishi wa taasisi ileile inayoshauriwa. Bosi wake ndiye anayeandikiwa barua. Miongozo huliruka jambo hili kana kwamba halipo. Ukimchagua katibu kutoka jumuiya za watu wenye ulemavu anakuwa huru, lakini hana ofisi, hana printa, na mafaili hayaoni. Njia ya kati ni katibu wa taasisi na katibu msaidizi wa kutoka kwa wajumbe, mwenye nakala ya daftari. Inafanya kazi vizuri kiasi, si zaidi ya hapo.

Kamati ndogo tatu zinatosha: matangazo na usaili, mazingira ya kazi, na uhamasishaji. Ukiziacha wazi watu wajiandikishe, wote watakwenda uhamasishaji, maana huko ndiko kwenye fulana na kofia za tarehe 3 Disemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu. Gaweni wajumbe wenyewe. Watano kila kamati ndogo, na asiwepo mtu kwenye mbili.

Sasa niingie kwenye linalonikera khasa. Hebu soma ushauri huu: "Kamati inaishauri taasisi izingatie mahitaji ya watu wenye ulemavu katika ajira." Sentensi hii imo katika kumbukumbu nyingi mno, na haina anayeweza kuitekeleza hata akitaka. Nani azingatie? Afanye nini Jumatatu asubuhi? Ushauri unaofanya kazi una mtu, kitendo, mahali, gharama na tarehe. Mfano: "Mkurugenzi wa Uendeshaji na Utumishi afute katika matangazo yote ya kazi sharti la 'awe na afya njema ya mwili', isipokuwa pale kazi yenyewe inapodai nguvu, na sababu iandikwe. Gharama: hakuna. Jibu la ndiyo au hapana, pamoja na sababu, ndani ya siku 30." Huu ukikataliwa, kukataliwa kwake kuna maandishi, na makamu ana cha kufuatilia.

Matangazo ndiyo pa kuanzia, kwa sababu watu wengi huchujwa pale kabla hata ya usaili. Tangazo la mhasibu linadai leseni ya udereva. Mhasibu anaendesha nini? Asiyeona na mwenye kifafa wameshatolewa, na hakuna aliyewabagua kwa mdomo. Halafu unakuja usaili wa kuandika: karatasi iliyochapwa kwa herufi ndogo, saa moja, ghorofa ya pili. Ombeni vitu vinavyopimika: mtihani wa nukta nundu (Braille) au wa kompyuta kwa wanaohitaji, herufi kubwa za ukubwa wa 18 kwa wenye uoni hafifu, muda wa ziada uliotajwa kwa dakika, mkalimani wa lugha ya alama aliyelipwa na mwajiri, asiwe ndugu wa msailiwa. Na fomu ya maombi iwe na mstari mmoja: "Unahitaji msaada gani siku ya usaili?" Msiulize ugonjwa. Ulizeni msaada.

Njia mteremko nayo. Watu huandika "iwekwe njia mteremko" bila kupima. Kipimo cha kawaida ni 1 kwa 12: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ngazi moja ya sentimita 15 inataka mita 1.8. Baraza la mbele ya nyumba ya Mji Mkongwe lenye kimo cha sentimita 45 linataka mita 5.4, na kichochoro kilichopo mbele hakina hata nusu yake. Fundi akilazimishwa atajenga kitu kikali kama paa, na mwenye kiti cha magurudumu atashuka kwa kasi asiyoitaka. Hapo ushauri sahihi si mteremko. Hamisheni dawati, dirisha la huduma au usaili wenyewe kwenye jengo la chini, pengine Maisara au Mwanakwerekwe.

Sheria ni sehemu nyingine ya aibu. Kuna wanaosimama kikaoni kudai asilimia tatu ya ajira iwe ya watu wenye ulemavu "kwa mujibu wa Sheria Namba 9". Asilimia hiyo, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi, imo katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2010, na hiyo ni ya Tanzania Bara. Kazi si jambo la Muungano. Zanzibar nayo ilikuwa na Namba 9 yake, ya 2006, na ndiyo maana watu huzichanganya. Sasa tunayo Namba 8 ya 2022. Mwanasheria wa taasisi akiona umenukuu ya Bara, ameshashinda, na hoja yako nzuri imekwenda nayo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unabana kote kuwili: ibara ya 27 kwa kazi, ya 4(3) kwa kushirikishwa. Nukuuni huo.

Kikao chenyewe, haraka: wakalimani wawili kikizidi saa moja, wanapokezana kila dakika 20 hadi 30. Karatasi zipelekwe kwa faili la maandishi, si picha iliyoskaniwa, maana programu ya kusoma skrini haioni kitu kwenye picha. Wajumbe wa Pemba walipwe nauli ya boti pamoja na ya msaidizi, na kikao kisianze saa mbili asubuhi siku wanayosafiri. Malalamiko ya mtu mmoja mmoja yasijadiliwe kwa jina mbele ya wote. Yaelekezwe Kamisheni ya Kazi, na kamati ichukue tatizo tu, bila mwenye tatizo.

Ushauri wenye gharama ufike mapema. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai na bajeti inapikwa miezi mingi kabla. Barua ya Mei ni ya kumbukumbu tu.

Mambo mawili sina uhakika nayo. La kwanza ni idadi: kamati zinataka kujua taasisi ina watumishi wangapi wenye ulemavu, lakini mwenye tatizo la afya ya akili ana kila sababu ya kunyamaza, na sijui namna ya kumhesabu bila kumfichua. La pili ni ukomo wa uongozi. Vipindi viwili vya miaka mitatu ni utaratibu mzuri, ila kwa Pemba kumpata kiziwi aliyezoea kusoma kumbukumbu na kubishana nazo ni kazi. Ukimtoa kwa kufuata kanuni, kiti chake hukaliwa na mtu wa kuitikia tu.