Ligi iliyozaliwa ukumbini: dhana potofu na ukweli kuhusu SISL

Mtajie shabiki wa soka Southwest Indoor Soccer League (SISL), ligi ya soka ya ukumbini ya kusini-magharibi mwa Marekani, wengi watakuambia hawaijui. Wachache wanaoijua huiweka kwenye fungu la ligi za Kimarekani zilizochipuka zikanyauka. Naona ligi hii imeonewa, tena kwa maneno yanayorudiwa tu bila mtu kuyachunguza.

"Hiyo si futsal tu?"

Hapana. Futsal ilianzia Montevideo mwaka 1930, kwa mwalimu Juan Carlos Ceriani. Inachezwa na watu watano kila upande, kwa mpira usiodunda sana, na mpira ukivuka mstari umetoka. Soka ya ukumbini ya Marekani ni mchezo mwingine kabisa. Uwanja wake una umbo la ule wa magongo ya barafuni: sakafu imetandikwa nyasi bandia, na kuta za pembeni zimeachwa zilivyo. Mpira ukigonga ukuta unaendelea kuchezwa, kwa hiyo ukuta ni kama mchezaji wa ziada: unaupigia pasi, unazunguka nyuma ya beki, unaipokea upande wa pili. Kila timu ina wachezaji sita pamoja na kipa, wanapokezana bila mchezo kusimamishwa, na anayecheza rafu mbaya huketishwa nje dakika 2 wenzake wakipungua. Beki aliyezoea kubutua nje ili apumue, humu hana mahali pa kubutulia.

"Ulikuwa mzaha wa watu wasiojua mpira."

Februari 1974, timu ya jeshi ya Moscow iliingia ukumbi wa Spectrum kucheza na Philadelphia Atoms, na zaidi ya watu 11,000 walilipa kiingilio. Warusi walishinda 6-3, lakini wafanyabiashara waliokuwepo waliona jambo jingine: mpira unaweza kujaza ukumbi katikati ya baridi kali. Na mwanzilishi wa SISL, Francisco Marcos, ni mzaliwa wa Ureno aliyekuwa amefanya kazi kwenye klabu za NASL, ligi kuu ya Marekani ya zamani, ya akina Pelé na Beckenbauer. Mpira aliujua, na aliwahi kuona kwa karibu pesa zinavyoweza kuuzamisha.

"Walicheza walioshindwa kwingine."

Hili linaniudhi kuliko yote. Kwingine wapi? NASL ilisimama mwaka 1985, na tangu hapo Marekani ikakaa bila ligi kuu ya kulipwa ya nje iliyoenea nchi nzima, hadi MLS, ligi kuu ya sasa, ilipoanza mwaka 1996. Kijana aliyemaliza chuo mwaka 1986 akiwa na kipaji alikuwa na njia chache sana, na ukumbi ulikuwa mojawapo. SISL ilikuwa ya nusu-kulipwa, maana yake posho ya mpira haikutosha kumlisha mtu, ikabidi awe na kazi nyingine. Hilo halipimi kipaji chake. Jimmy Banks alikuwa mchezaji wa Milwaukee Wave, timu ya ligi nyingine ya ukumbini iliyokuwa chini ya ile kubwa ya MISL, na alikuwamo katika kikosi kilichokwenda Italia mwaka 1990, Kombe la Dunia la kwanza kwa Marekani tangu mwaka 1950.

"Ilikufa kwa kukosa watu."

Hapa ndipo penye kisa chenyewe. SISL ilianza mwaka 1986 na timu tano za miji ya Texas, Oklahoma na New Mexico, miongoni mwao Lubbock, Amarillo na Albuquerque. Iliepuka gharama za nyota wa kigeni na safari ndefu za ndege, yale yaliyoitafuna NASL. Mwaka 1989 ikaongeza msimu wa nje, wa kiangazi. Jina nalo likageuka: Indoor (ya ukumbini) ikawa Independent (huru), Southwest (kusini-magharibi) ikawa Sunbelt (ukanda wa kusini), lakini herufi zikabaki zilezile, SISL. Kisha ikavuka mipaka ya kusini, ikawa USISL. Msimu wa ukumbini uliendelea kando, ukazidi kupungua miaka ya 1990, hadi ukaachwa. Kufikia mwaka 1999 taasisi nzima ilikuwa inaitwa USL.

Naam, ni USL hii hii ya leo, inayoendesha ligi za chini ya MLS. Seattle Sounders, Portland Timbers, Vancouver Whitecaps na Montreal Impact wote walipita humo kabla ya kupanda MLS. Mwaka 1999, Rochester Rhinos, timu ya A-League iliyokuwa chini ya USL, iliwafunga Colorado Rapids wa MLS 2-0 kwenye fainali ya Kombe la Wazi la Marekani. Kilichozikwa ni mpira wa ukumbini. Ligi yenyewe ilitoka mlangoni ikaenda kucheza nje, na anayeandika kwamba ilikufa amesoma nusu ya kwanza ya habari.

"Sisi haituhusu."

Lawrence Olum, kiungo mzaliwa wa Nairobi aliyeichezea Harambee Stars, alikuwa Orlando City wakati timu hiyo ikicheza USL, na kutoka hapo akasajiliwa na Sporting Kansas City ya MLS. Ngazi aliyopandia ilianza kujengwa kwenye kumbi za Lubbock na Amarillo.