Kuku wa Saa Mbili Usiku: Dhana Potofu Kuhusu Vyakula Vilivyopunguzwa Bei

Ikikaribia saa mbili usiku, katika supamaketi nyingi za Nairobi, mhudumu wa kaunta ya vyakula vilivyopikwa huanza kuzipitia sahani zilizosalia huku akibandika bei mpya: kuku wa kuchomwa, sambusa, viazi karai, soseji, chapati zilizofungwa nne nne, pilau iliyopakiwa katika vibakuli vya plastiki. Wapo wateja wanaoijua saa hiyo na kuivizia, na wapo wanaopita kando wakikunja uso. Nimewahi kuwa upande huu na ule, na kwa maoni yangu wote wawili hukosea mahali pamoja: hutazama bei na kusahau kuhesabu saa.

«Kikishapunguzwa bei, ujue kimeharibika»

Bei ya chakula kilichopikwa hushushwa kwa sababu duka halitaki kulala nacho. Kuku aliyetoka kwenye mashine saa kumi na moja jioni na kutunzwa ipasavyo hageuki kuku mwingine kwa kubandikwa karatasi saa mbili. Kilichopungua ni muda wa kumuuza. Kwa bidhaa zilizofungwa kiwandani, kama soseji na mtindi, sababu huwa ni tarehe, na hapo watu wengi huchanganya tarehe mbili zisizofanana. Ile inayosema bidhaa ni bora ikitumiwa kabla ya siku fulani huzungumzia ladha na ubora, na ndiyo maana biskuti iliyopitwa na siku mbili humwudhi mlaji tu. Ile ya mwisho wa matumizi huzungumzia usalama, na hiyo haina mjadala.

Shaka ya wakazi wa Nairobi, hata hivyo, haikutoka hewani. Mwezi wa Julai 2019, uchunguzi wa runinga uliripoti kwamba baadhi ya supamaketi zilikuwa zikitumia kemikali ya sodiamu metabisulfaiti ili nyama mbichi iliyokaa ionekane nyekundu kama iliyochinjwa asubuhi. Tangu hapo, ukitaja nyama ya bei nafuu, mtu atakuambia kuhusu dawa. Lakini anayeirembesha nyama hivyo hufanya hivyo ili aiuze kwa bei kamili. Yule anayekuonyesha wazi kwamba bei imeshuka kwa sababu muda umekwisha amekupa habari ambayo mwenzake anaificha. Jambo la kuchunguza ni kibandiko chenyewe. Niliwahi kununua pakiti ya soseji, na nilipofika nyumbani ukucha ukanasa kwenye ukingo wa karatasi ya bei. Nilipoibandua nikakuta nyingine chini yake yenye tarehe ya siku tatu nyuma. Tangu siku hiyo napitisha kidole juu ya kila kibandiko kabla ya kukiweka kikapuni, na nikihisi unene wa karatasi mbili nakirudisha.

«Ukinusa na kuonja utajua»

Hii ndiyo dhana iliyokita mizizi zaidi, na nadhani ndiyo inayoumiza watu zaidi. Bakteria wanaochachusha chakula na kukipa harufu mbaya si lazima wawe ndio wanaougonjesha mwili, kwa hiyo chakula kinaweza kunukia vizuri na bado kikakulaza kitandani. Kipimo kinachoaminika ni joto na muda. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kilichopikwa kiwekwe katika joto lisilopungua nyuzi 60 au kihifadhiwe kwenye baridi chini ya nyuzi 5, na kisikae katika joto la kawaida kwa zaidi ya saa mbili.

Saa hizo mbili hazianzi ukifika nyumbani. Mnunuzi anayeishi Rongai au Kitengela humchukua kuku saa mbili usiku, akampakata kwenye matatu, akakwama kwenye foleni saa nzima na zaidi, kisha akamwacha mezani akisubiri watoto wamalize kazi ya shule. Kama kuku huyo alikuwa vuguvugu tayari pale kaunta, hesabu ilianza kabla hajalipiwa. Kwa hiyo mimi hutazama kama kuku yuko chini ya taa ya kupasha au ndani ya kabati lenye joto, kisha naugusa mfuko. Akiwa moto wa kunifanya nibadilishe mkono, namchukua; akiwa vuguvugu namwacha, hata kama amepunguzwa kwa nusu. Wala si vibaya kumwuliza mhudumu, kwa heshima, alitoka motoni saa ngapi. Wengi hujibu bila kinyongo.

«Nikikipasha moto sana, kila kitu kitakufa»

Kupasha ni lazima, na chakula kifuke mvuke hadi katikati, yaani nyuzi 70 au zaidi. Hata hivyo, moto una mipaka yake. Wali ni mfano mzuri: bakteria aitwaye Bacillus cereus huacha mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na wali ukikaa vuguvugu kwa saa nyingi mbegu hizo huchipuka, huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha tena hakuiondoi. Bakteria mwingine, Staphylococcus aureus, ambaye mara nyingi huingia kwenye chakula kupitia mikono ya binadamu, naye hutoa sumu inayostahimili moto. Ndiyo sababu pilau iliyopunguzwa bei siinunui nisipoikuta kwenye joto la kutosha au ndani ya friji. Wanaosema kunywa maziwa huondoa sumu ya chakula wanajifariji tu.

«Kilicho kwenye friji ni salama siku zote»

Baridi hupunguza kasi ya bakteria wengi, lakini Listeria huendelea kukua hata ndani ya friji. Mlipuko wa ugonjwa wake huko Afrika Kusini mwaka 2017 na 2018, uliotokana na poloni, yaani soseji nene inayoliwa bila kupikwa, uliua watu zaidi ya 200, wakiwemo watoto wachanga wengi. Nyama zilizosindikwa na kukatwa vipande vyembamba, ambazo huliwa bila kupikwa, asizile mama mjamzito mpaka zimepashwa zikafuka mvuke, hata zikiwa za bei kamili.

Kuna pia wanaoamini kwamba chakula cha moto kikiingizwa kwenye friji kitaharibika, hivyo huacha sufuria nzima ya mchuzi juu ya jiko mpaka asubuhi. Ugawe katika vyombo vya kina kifupi, uache mvuke utoke, kisha uuingize kabla ya saa mbili kupita. Stima ikipotea, friji ambayo haifunguliwi hutunza baridi kwa takriban saa nne. Asiye na friji, na wako wengi mjini, anunue kinachotosha mlo wa usiku huo peke yake.

«Punguzo ni akiba»

Hapa ndipo wawindaji wa bei hujidanganya. Sambusa kumi kwa bei ya tano ni hasara ikiwa zitaliwa njiani na bado chakula cha jioni kikahitajika. Akiba hupatikana pale nyama iliyopikwa inapogeuka kiungo cha mlo mkubwa. Kuku wa kilo moja aliyechomwa hutoa nyama ya nusu kilo na kidogo zaidi. Ikiliwa vipande vipande, haiwatoshi watu sita. Ikichambuliwa kwa vidole na kutiwa kwenye mchuzi wa vitunguu, nyanya na hoho, pamoja na sukuma wiki ambayo mama mboga amekwisha kuikata, hushibisha nyumba nzima kwa ugali. Mifupa huchemshwa usiku ule ule kwa tangawizi na dania, na mwenye friji hupata supu ya kupikia wali wa kesho.

Soseji mbili tatu zikikatwa vidogo na kukaangwa hubadilisha sufuria ya githeri, hasa ile iliyochemshwa tayari inayouzwa kando ya barabara, ambayo huokoa gesi ya saa mbili. Chumvi usiongeze mpaka uonje, kwa kuwa vyakula vya kaunta huwa vimekolezwa, na kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku. Wale wanaokula halali waulizie uma na kibao pamoja na nyama yenyewe, kwa maana soseji za nguruwe na za ng'ombe mara nyingi hulala kaunta moja.

Chapati za jana ndizo ninazozipenda kuliko vyote. Zikiwa zimekauka kiasi, nazikata nyembamba kama tambi, nakaanga kitunguu na kabeji, navunja mayai mawili, kisha nazichanganya motoni mpaka kingo zianze kukauka. Watoto hudhani nimepika kitu kipya.