Final Fantasy: Matoleo Bora ni Yale Ambayo Hesabu Zake Zinasimulia

Final Fantasy ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1987, na ya kumi na sita ikatoka 2023. Katikati hapo kuna kila aina ya gemu ya kuigiza uhusika, na anayetaka kuanza leo hajui ashike ipi. Namba zisikutishe. Karibu kila toleo lina dunia yake, watu wake na hadithi inayoanza na kuishia humo humo, kwa hiyo unaweza kuingilia popote. Kazi iliyobaki ni kujua ipi inastahili makumi ya saa zako.

Mimi hubuni mifumo ya gemu: nani apige kwanza, upanga uumize kiasi gani, mhusika akue kwa njia ipi. Kwa sababu hiyo sichagui kwa picha, wala kwa muziki, ingawa nyimbo za Nobuo Uematsu nazipenda mno. Ninachotazama ni kama hesabu za pigano zinasimulia jambo lile lile wanalolisema wahusika kwa midomo yao. Matoleo yanayofanya hivyo ndiyo ninayoyaita bora. Ili nieleze vizuri itabidi nifichue baadhi ya mambo ya hadithi, pamoja na vifo.

Tuanze na IV, yaani toleo la nne, ya 1991. Mzee Tellah ni mchawi aliyefiwa na binti yake, Anna, na anautafuta uchawi wa Meteor ili alipize kisasi kwa Golbez. Anaupata. Lakini kila uchawi una gharama yake ya pointi: Meteor inadai 99, na akiba ya Tellah imegota kwenye 90. Mpandishe leveli, yaani ngazi yake ya nguvu, utakavyo, hapati hata moja ya ziada. Mchezaji anayesoma menyu yake atahisi mapema kwamba kuna jambo haliendi sawa kwa mzee huyu. Siku anapoamua kuurusha uchawi huo, kile kinachopungua anakilipa kwa roho yake. Hakuna hotuba ambayo ingenieleza uzee na ghadhabu kama zile pointi tisa zilivyonieleza.

IV hiyo hiyo ina Cecil, askari wa giza aliyetumikia mfalme mwovu. Mlimani anakutana na nafsi yake ya zamani na kupigana nayo. Ukishambulia, hushindi, unatakiwa kukaa ukivumilia mapigo hadi mwisho. Anashuka akiwa paladini, na leveli yake imerudi 1. Kutubu kumekuwa na bei unayoiona kwenye skrini.

V, ya 1992, watu huisifia kwa mfumo wake wa kazi, ambamo unamchagulia kila mhusika awe mpiganaji, mchawi na kadhalika, na wana haki. Zipo kazi zaidi ya 20, na ujuzi wa kazi moja unaweza kuubeba hadi kazi nyingine, hivi kwamba bosi yule yule mtu mmoja anamshinda kwa nguvu na mwingine kwa ujanja. Hadithi yake wengi huiona nyepesi. Mimi nawaelekeza kwa Galuf, babu anayeendelea kupigana na mwovu Exdeath wakati uhai wake unasoma sifuri. Pigano linapoisha, wenzake wanamimina dawa na uchawi wa kuponya, zile zile ulizozitumia gemu nzima na zikafanya kazi, na safari hii hazisaidii kitu. Kisha mjukuu wake, Krile, anachukua nafasi yake, na ujuzi wote aliouchuma Galuf unakuwa wake. Urithi umewekwa ndani ya mfumo.

VI, ya 1994, ndiyo ambayo wengi wa rika langu huiweka juu kabisa. Ina wahusika 14 wa kuchezesha, na karibu kila mmoja ana namna yake ya kupigana. Katikati ya gemu, mwovu Kefka anafanikiwa na dunia inaharibika. Unaamka ukiwa Celes, peke yako kisiwani na mzee Cid anayeumwa, na kazi yako ni kumvulia samaki. Samaki wazuri wakimfikia kwa wakati, anapona. La sivyo, anaweza kufa. Baada ya hapo gemu inakuachia dunia nzima: watafute wenzako, au usiwatafute. Ni wawili tu unaolazimika kuwapata, Edgar na Setzer, kabla ya kuukabili mnara wa mwisho. Kwa hiyo kila mwingine aliyesimama nawe pale, amesimama kwa sababu ulimfuata mwenyewe. Dosari yake kubwa kwangu ni kwamba mawe ya uchawi yanamfundisha karibu yeyote uchawi wowote, na mwishoni watu wenye tabia tofauti karibu wote wanapigana kwa namna moja.

VII, ya 1997, ndiyo iliyoupeleka mfululizo huu dunia nzima, na kifo cha Aerith, mmoja wa wahusika wake wakuu, kimezungumzwa vya kutosha. Naiheshimu, hasa kwa kuwa Materia unazochomeka kwenye silaha zako ni uhai wa sayari ulioganda, ule ule ambao kampuni ya Shinra inaunyonya. VIII, ya 1999, ilikuwa na wazo zuri kuliko utekelezaji wake: viumbe wanaokupa nguvu wanakula kumbukumbu zako. Lakini maadui wanapanda leveli pamoja nawe, na njia ya kawaida ya kupata nguvu ni kusimama mbele ya adui ukimnyonya uchawi hadi ufikishe 100. Inachosha.

Kwangu mimi namba moja ni X, ya 2001.

Yuna ni mwitaji. Anatembea dunia ya Spira kutoka hekalu hadi hekalu, na kila hekalu linampa Aeon, kiumbe mkubwa wa kumpigania, hadi afike mwisho aweze kuliangamiza jitu linaloitwa Sin. Wewe unafurahi, maana kila Aeon ni nguvu mpya. Kumbe wenzake wote wanajua jambo ambalo Tidus, kijana mgeni unayemchezesha, hajaambiwa: mwitaji akimaliza kazi hiyo, anakufa. Zawadi zote ulizokuwa unazikusanya zilikuwa hatua za Yuna kuelekea kaburini. Halafu, mwishoni kabisa, inabidi uwaite Aeon wako na kuwapiga mmoja mmoja, wale wale uliowapa majina na kuwakuza. Watengenezaji waliondoa hata uwezekano wa kushindwa pigano hilo: kundi lako likianguka linainuka tena lenyewe. Ugumu uliobaki hapo ni wa moyo.

Pigano la kawaida la X nalo ni safi. Zamu zinaonekana pembeni ya skrini, nani anafuata na nani baada yake. Watatu wanapigana, na wengine unawaingiza wakati wowote bila kupoteza zamu. Adui anayeruka ni wa Wakka na mpira wake, mwenye gamba gumu ni wa Auron, mashine mwachie Rikku. Hakuna anayekaa benchi muda wote, na hilo linafaa hadithi ya watu wanaomlinda mmoja.

XII, ya 2006, ipo karibu na moyo wangu kwa sababu unawaandikia wenzako amri mapema: mwenzetu akibaki chini ya nusu ya uhai, mponye. Wapo wanaosema gemu inajicheza yenyewe. Kwangu kuandika amri hizo ndiyo mchezo wenyewe. Tafuta toleo la Zodiac Age la 2017, maana lile la awali liliruhusu kila mhusika kuwa kila kitu. XVI ina mapigano ya kasi ya kupendeza, ila vifaa vyake havinipi cha kufikiria.

Mwenye PlayStation 4, Switch au kompyuta aanze na X, ambayo huuzwa pamoja na mwendelezo wake, X-2. Mwenye simu tu atapata I hadi VI katika matoleo yaliyoboreshwa upya ya Pixel Remaster, kila moja unainunua mara moja basi. Hapo ningeanza na IV, kisha VI. Na kwenye VI, ukishafika nusu ya pili, usifungue mwongozo wa mtandaoni unaoonyesha wenzako walipo. Zunguka uwatafute.