Triga ya osiloskopu: maana yake na jinsi inavyofanya kazi

Triga ni sehemu ya osiloskopu, yaani chombo kinachochora kiooni jinsi volti inavyobadilika kwa wakati, inayoamua kila mchoro wa wimbi uanzie wapi. Wengi hudhani kwamba kazi yake ni kulisimamisha wimbi, lakini wimbi halisimami. Chombo huchora picha mpya mara nyingi kwa sekunde, na picha hizo zikianzia mahali pamoja hulaliana barabara, jicho likaona mstari mmoja uliotulia. Zikianzia ovyo, kioo hujaa mistari inayokimbia.

Mtazame fundi baiskeli wa Tabora mjini aliyeipindua baiskeli na kulizungusha gurudumu. Lau ungeweza kufumba macho na kuyafumbua kidogo tu kila valvu inapofika usawa wa ekseli, ungeliona gurudumu kama limesimama. Hata hivyo pana mtego: katika mzunguko mmoja valvu hupita usawa huo mara mbili, kwanza ikipanda kisha ikishuka, kwa hiyo kutaja usawa peke yake hakutoshi. Ndiyo maana triga hupangwa kwa mambo mawili ya msingi, yaani kiwango cha volti na mwelekeo wa wimbi linapokivuka kiwango hicho.

Tuchukue umeme wa Tanzania, wenye mizunguko 50 kwa sekunde, ulioshushwa na transfoma ndogo hadi volti 12. (Probu, yaani waya wa kupimia wa osiloskopu, isichomekwe moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, kwani waya wake wa ethi kwa kawaida umeungana na bodi ya chombo, na shoti yake ni ya hatari.) Volti 12 hizo ni thamani faafu (RMS), aina ya wastani; kilele cha wimbi hilo ni takriban volti 17. Ukipanga triga kwenye volti 5, wimbi likipanda, sharti hutimia mara moja katika kila milisekunde 20. Ukipandisha kiwango hadi volti 20, wimbi halikifikii kamwe: katika hali ya otomatiki chombo husubiri kidogo kisha huchora chenyewe, picha ikateleza, ilhali katika hali ya kawaida hakichori chochote kipya. Zaidi ya mara moja nimeona osiloskopu isiyo na hitilafu ikifunguliwa parafujo kwa sababu hiyo tu.

Rimoti ya televisheni ina ugumu wake. Nyingi hutuma mafungu ya mipigo yenye masafa ya karibu kilohezi 38, hivyo kiwango huvukwa mara nyingi ndani ya ujumbe mmoja, na picha huweza kuanzia mwanzoni safari hii na katikati safari ijayo. Hapo hutumika muda wa kusubiri, ambao huifunga triga baada ya kila mchoro mpaka ujumbe wote upite.

Kwa tukio lisilojirudia, kama volti inavyoruka pawa saplai inapowashwa, hutumika hali ya mara moja: chombo hungoja sharti, huchora picha moja, kisha huishikilia kiooni hadi utakapokiamuru kingoje tena.